Roboti haiombi chai, lakini nani ameshika rimoti?

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha tulikuwa barazani tunakunywa kahawa, kijana mmoja akatuonyesha video kwenye simu yake. Ilikuwa ya roboti ya polisi wa Dubai, imevishwa kofia ya kipolisi, inapiga saluti na kuwapa watu mkono. Kakake anafanya kazi huko Ghuba, na ndiye aliyemtumia. Mzee mmoja akaitazama mpaka mwisho, akarudisha simu na kusema: "Hii ije kwetu hata kesho. Angalau roboti haiombi chai."

Tulicheka sote. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani neno lile lilinikaa kichwani. Mtu mzima akifikia kuitamani mashine kuliko askari wa kituo cha jirani, hapo pana jambo. Na swali la pili ni hili: je, mashine hiyo kweli yaweza kufanya kazi tunayoidhania? Nimeona leo tulieleze suala hili taratibu, kwa sababu teknolojia ya aina hii haiko mbali na sisi. Mwaka 2014 serikali yetu ilitia saini mkataba na Safaricom wa kuwawekea polisi mfumo wa mawasiliano na kamera katika miji ya Nairobi na Mombasa. Kamera ni macho. Roboti ni macho yaliyotiwa magurudumu.

Roboti ya polisi ni kitu gani?

Wengi wetu tukisikia roboti tunafikiria mtu wa chuma anayefikiri mwenyewe kama kwenye sinema. Ukweli ni kwamba roboti nyingi za polisi hazifikiri chochote. Kuna aina tatu hivi.

Ya kwanza ni ile inayoendeshwa na mtu kwa rimoti. Hii ndiyo ya zamani zaidi. Mwaka 1972 jeshi la Uingereza lilitengeneza mashine ya kutegua mabomu yaliyokuwa yakitegwa kwenye magari huko Ireland Kaskazini. Iliitwa Wheelbarrow, yaani wilbaro, kama hii hii ya mjengo. Lengo lake lilikuwa zuri: bomu likilipuka, liharibu chuma na si mwili wa binadamu. Mpaka leo hiyo ndiyo kazi ambayo roboti imeifanya vizuri zaidi katika usalama.

Ya pili ni ile inayozunguka yenyewe kulinda mahali. Hutumia kamera, vipima umbali na ramani iliyowekwa ndani yake ili isigonge ukuta. Kampuni ya Knightscope ya Marekani inatengeneza moja iitwayo K5, yenye umbo la yai na urefu wa kama mita moja na nusu. Polisi wa New York waliijaribu katika kituo cha treni cha Times Square kuanzia Septemba 2023. Ilizunguka usiku wa manane, ikifuatana na askari. Ilipofika Februari 2024 iliondolewa. Mashine ya magurudumu haipandi ngazi, na vituo vya treni vimejaa ngazi. Nyingine ya aina hiyo hiyo ilitumbukia katika bwawa la chemchemi mjini Washington mwaka 2017, watu wakaipiga picha na kucheka. Sasa ifikirie katika vichochoro vya Mji wa Kale, au mchanga wa Kisauni wakati wa masika.

Ya tatu ni ya kutoa huduma. Ile ya Dubai ilizinduliwa mwaka 2017. Ilitengenezwa na PAL Robotics ya Uhispania, na ina skrini kifuani ambapo mtu anaweza kupiga ripoti au kulipa faini. Polisi wa Dubai walitangaza kwamba ifikapo mwaka 2030 walitaka robo ya kikosi chao iwe roboti.

Na tusidhani mambo haya ni ya matajiri wa mafuta peke yao. Kule Kinshasa, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha mwaka 2013 roboti kubwa za aluminiamu zinazotumia umeme wa jua kuongoza magari kwenye makutano. Baadaye nyingine zikapelekwa Lubumbashi, kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili. Tunisia nayo, wakati wa Korona mwaka 2020, ilitumia roboti iitwayo PGuard, iliyotengenezwa na kampuni ya huko huko, kuwauliza watu mitaani kwa nini wametoka nje na kuwataka waonyeshe vitambulisho. Lakini roboti ile iliendeshwa na maafisa waliokaa mbali. Kwa hiyo mtu aliyedhani anahojiwa na mashine alikuwa anahojiwa na askari asiyemwona.

Kuwafunza watoto

Kuna matumizi mengine ambayo hayazungumzwi sana, nayo kwangu ndiyo yenye manufaa zaidi: elimu ya kuzuia uhalifu. Marekani kampuni ya Robotronics hutengeneza kigari cha polisi kinachozungumza na kukonyeza macho, ambacho askari huenda nacho shuleni. Watoto hukizunguka na kukiuliza maswali. Siri yake ni ndogo: askari amesimama pembeni na kipaza sauti kilichofichwa, na yeye ndiye anayejibu. Mtoto anayeogopa buti na bunduki hakiogopi kigari kinachocheka.

Jambo hili lina msingi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwakalisha watoto 28, wa umri wa miaka 8 hadi 13, mbele ya roboti ndogo iitwayo Nao, yenye kimo cha sentimita 60 hivi. Walikuwa wanapima hali zao za moyo. Baadhi ya watoto waliiambia roboti mambo ambayo hawakuwa wameyasema kwa watu wazima.

Wazazi wa Pwani tulifikirie hilo kidogo. Ni watoto wangapi wetu wanaonyamaza? Mtoto anashikwa vibaya na mtu wa karibu, haya inamfunga mdomo. Kijana anavutwa na genge la mapanga, au anaonjeshwa unga, au anatumiwa ujumbe wa kumwita vitani, na nyumbani hajui pa kuanzia kusema. Ikiwa kidude cha plastiki kinaweza kumfungua ulimi, si jambo la kudharau.

Lakini ulimi ukishafunguka, kazi ya roboti imekwisha. Hapo anahitajika binadamu: mwalimu, ustadh wa madrasa, afisa wa watoto, au wahudumu wa nambari 116 ya kusaidia watoto, ambayo ni bure kupiga. Roboti ikisikia siri ya mtoto kisha hakuna wa kuibeba, afadhali isingeuliza. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kukusanywa. Sauti ya mwanao ikirekodiwa darasani, una haki ya kuuliza inahifadhiwa wapi na nani anaisikiliza.

Hatari zilizopo

Turudi kwa neno la mzee wetu. Ni kweli roboti haiombi chai. Pia haichoki, haitusi mtu kwa kabila lake, na ikirekodi tukio, rekodi inabaki. Hayo ni mazuri na tusiyakatae. Lakini yapo mambo matatu.

La kwanza, mashine huwakosea watu, na huwakosea zaidi weusi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazotazama uso na kusema kama ni wa mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi, katika programu moja, yalifika karibu asilimia 35. Januari 2020 polisi wa Detroit walimkamata Robert Williams, mtu mweusi, mbele ya mkewe na watoto wake, kwa sababu kompyuta ilisema uso wake unafanana na wa mwizi wa saa. Alilala ndani, kisha ikabainika si yeye. Dini yetu inatuamrisha kuibainisha habari kabla ya kumdhuru mtu. Kompyuta haijui kubainisha. Inajua kukisia tu.

La pili, chombo cha kuokoa hugeuka chombo cha kuua. Julai 2016 polisi wa Dallas walikuwa wakipambana na mtu aliyewaua askari watano. Walichukua roboti ya mabomu, wakaifunga baruti, wakaipeleka mpaka alipojificha na kumlipua. Wengi waliona hawakuwa na njia nyingine. Lakini mlango ukishafunguliwa ni vigumu kuufunga. Mwishoni mwa mwaka 2022 madiwani wa San Francisco waliwaruhusu polisi wao kutumia roboti kuua katika hali ya dharura, wananchi wakapiga kelele, na baada ya wiki moja wakarudi nyuma.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa: nani atawajibika? Pwani tunakijua kilio cha mama ambaye mwanawe alichukuliwa na watu ndani ya gari, na kila kituo alichokwenda akaambiwa hayumo kwenye kitabu. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilichapisha ripoti ya visa vya mauaji na kupotea kwa watu katika ukanda huu. Ikiwa askari mwenye jina na nambari ya kazi ni vigumu kumfikisha mbele ya IPOA, itakuwaje kwa mashine? Mkubwa atasema ni kosa la kompyuta. Kampuni itasema polisi waliitumia vibaya. Na mama atabaki pale pale mlangoni.

Tudai nini?

Sisemi teknolojia izuiwe. Nasema ikija, itukute tumejua la kudai.

Kwanza, tushirikishwe kabla ya kununuliwa, kama Katiba inavyotaka wananchi washirikishwe, si tuitwe kwenye uzinduzi kupiga makofi. Pili, mtu asikamatwe kwa neno la mashine peke yake. Kifungu cha 35 cha ile Sheria ya Data kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na kompyuta bila mkono wa binadamu. Tatu, roboti isibebe silaha. Nne, rekodi zake zihifadhiwe na ziwe wazi kwa mwenye kesi na kwa IPOA, kwa maana rekodi inayoweza kufutwa na yule aliyerekodiwa haina faida. Tano, tuanze na shule na vituo vya vijana kabla ya barabarani. Vijana wetu wafunzwe kuziunda wenyewe. Hapa Mombasa tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi na tuna Swahilipot, ambako vijana tayari wanajifunza teknolojia. Kijana aliyeshika bisibisi jioni nzima hana wakati wa kushika panga.

Juu ya yote, Katiba yetu katika Kifungu cha 244 inaitaka polisi ijenge uhusiano mwema na jamii. Uhusiano huo haununuliwi Dubai. Askari anayesalimia mtaani, anayejua nani ni mjukuu wa nani, akipigiwa simu saa nane za usiku anakuja, huyo hupata habari ambayo kamera elfu haziwezi kuipata.

Nilimweleza mzee wetu haya yote jioni iliyofuata. Akasikiliza, akamaliza kikombe chake. "Basi mwanangu," akaniambia, "hiyo rimoti apewe mtu ambaye sote twajua nyumba yake."