Kumshika kapiteni, kisha kumwachilia

Mahagi-Port inaangaliana na pahali Nile inaingia Ziwa Albert kutoka maporomoko ya Murchison, Uganda. Kule wageni wanalipa dola ili wavue kapiteni kwa ndoano. Wengine ndoano yao imefungwa manyoya, ifanane na samaki mdogo. Mwenyeji anayejua mto anawaongoza, na hiyo ni kazi ya mshahara. Samaki akishikwa, anapigwa picha, anarudishwa majini.

Juu ya nini? Kapiteni jike mkubwa anabeba mamilioni ya mayai, na kesho atavuta mgeni mwingine. Huku kwetu nyavu za macho madogo zinabeba hata watoto wake. Mitumbwi tunayo, wajuzi wa ziwa wapo. Ila mgeni wa namna hiyo anauliza usalama kwanza, na Ituri iliwekwa chini ya uongozi wa wanajeshi Mei 2021.