KWA NINI INSHAA NGUMU HUZAA MAKOSA?



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila tunaporudisha madaftari ya inshaa ya Kiarabu tunaona baadhi ya nyuso zimenuna. Aliyepata alama nzuri wiki iliyopita, leo daftari lake limejaa wino mwekundu. Mzazi huuliza: "Mbona mtoto anarudi nyuma?" Na mtoto naye huanza kuamini kuwa Kiarabu si chake. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi.

Tuchukue mfano. Tukimtaka aandike habari za mama yake, huandika sawasawa: *dhahabat ummi ilas-suuq*, yaani mama yangu alikwenda sokoni. Tukimtaka alinganishe maisha ya mjini na ya shamba kwa kutoa sababu, yule yule huandika *dhahaba ummi*, kana kwamba mama ni mwanamume! Kanuni anaijua. Lakini Kiswahili chetu husema "alikwenda" kwa baba na kwa mama, na akili ikielemewa hurudi kwenye mazoea yake.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Peter Skehan, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alieleza kuwa uwezo wa mtu kuzingatia mambo kwa wakati mmoja una mpaka. Akishughulika mno na maana, usahihi huweza kupungua. Naye Peter Robinson, mwaka 2001, alitenganisha aina mbili za ugumu. Kuna ugumu wa kufikiri, kama kutoa sababu, ambao kwa rai yake humvuta mwanafunzi kwenye lugha pana na makini zaidi. Na kuna ugumu wa kukosa muda wa kujiandaa au kupewa mada usiyoijua, ambao hutawanya akili tu.

Basi tusiyakimbie maswali magumu, bali tupunguze mzigo usio na faida:

1. Kabla ya kuandika, panga hoja zako kwa dakika chache, hata kwa Kiswahili.
2. Andika mawazo yote kwanza, kisha rudi ukague vitenzi peke yake.
3. Wazazi, kabla ya kuhesabu makosa, tazameni swali lilikuwa zito kiasi gani.

Kosa la anayejaribu jambo kubwa si dalili ya uvivu. Mara nyingi ni alama ya kupanda ngazi.

Wabillahi tawfiq.