Kuzuia hasara kwenye opsheni: agizo la kudumu lina mipaka

Wanunuzi wengi wa opsheni katika masoko ya Marekani humwachia dalali agizo la kudumu: bei ikishuka hadi kiwango fulani, uza. Agizo hukaa kwa dalali mpaka litekelezwe, lifutwe au muda wake uishe, na mwenye mali huenda kulala akiamini amejikinga. Kwa hisa za kampuni kubwa, zenye wanunuzi kila dakika, utaratibu huu una faida. Kwa opsheni mambo ni mengine.

Opsheni ni haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa, kabla ya tarehe maalumu. Mkataba mmoja kwa kawaida huwa wa hisa 100. Bei yake ikitajwa kuwa dola 3, mnunuzi hulipa dola 300, na hizo, pamoja na ada ya dalali, ndizo pekee anazoweza kupoteza.

Tuseme mnunuzi huyo ameweka agizo la kuuza kwenye dola 2, akidhani hasara itaishia dola 100. Opsheni yake haina wateja wengi: wanaotaka kununua wanatoa dola 1.90, wanaouza wanadai 2.50. Dalali anayefuata bei ya wanunuzi atauza papo hapo, ingawa hisa yenyewe haijashuka hata senti moja. Dalali mwingine hungoja bei ya mauzo ya mwisho. Ni swali la kumwuliza dalali kabla ya kumpa fedha.

Hatari kubwa zaidi huja usiku. Opsheni za hisa haziuzwi soko likiwa limefungwa, kwa hiyo habari mbaya ya jioni hukutana na agizo asubuhi. Wanunuzi wakifungua kwa senti 80, mali itauzwa kwa senti 80 na hasara itakuwa dola 220. Agizo husema lini kuuza, halisemi kwa bei gani. Tarehe 24 Agosti 2015 wenye hisa waliliona hilo: kipimo cha Dow Jones kilishuka zaidi ya pointi 1,000 dakika chache baada ya soko kufunguliwa, na maagizo ya aina hii yaliuza mali kwa bei za kutupa, ambazo nyingi zilipanda tena siku hiyohiyo. Mwaka 2016 Soko la Hisa la New York liliacha kuyapokea, ingawa madalali waliendelea kuyatoa kwa mitambo yao wenyewe.

Mteja anaweza kuongeza bei ya chini kabisa anayoikubali. Hapo hatauziwa kwa senti 80, lakini huenda asiuziwe kabisa.

Kisha kuna muda. Opsheni hupungua thamani kila siku hata hisa ikiwa imesimama, na kasi huongezeka tarehe ya mwisho inapokaribia. Agizo la dola 2 linaweza kufikiwa kwa kalenda tu. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, ni afadhali agizo lifungwe kwenye bei ya hisa, pale dalali anaporuhusu, kuliko kwenye bei ya opsheni.

Na asiyeweza kupoteza dola 300 zote anunue opsheni ya dola 100, aache agizo. Kiasi hicho hakizidi, hata soko lifunguke vipi Jumatatu.