Tindikali ya Tumbo na Wenye Amri Juu Yake

Tumbo la mwanadamu hutoa kadiri ya lita 2 za maji ya kumeng'enyea chakula kila siku, na ndani ya maji hayo mna tindikali ya haidrokloriki, ile ile aliyoithibitisha tabibu William Prout wa London mwaka 1824, ambayo pale inapozaliwa huwa na chembe za hidrojeni zaidi ya mara 1,000,000 kuliko damu. Wengi huustaajabia ukali huo. Mimi naona linalostahiki kustaajabiwa zaidi ni utiifu wake, maana tindikali hii haibubujiki ovyo usiku na mchana, bali huzidi chakula kinapokaribia na hupungua haja yake inapokwisha, na sehemu kubwa ya utiifu huo imo mikononi mwa jamii ya vimeng'enya viitwavyo kinasi.

Seli zitoazo tindikali huitwa seli za parieto. Zinapopumzika, pampu zao, ambazo husukuma hidrojeni nje na kuvuta potasiamu ndani, huwa zimefichwa katika vifuko vidogo vidogo ndani ya seli. Amri ifikapo, vifuko huhama na kujiunga na utando wa mifereji myembamba ielekeayo nje, na katika muda mfupi sura ya seli hubadilika hata aitazamaye kwa hadubini angeidhania kuwa ni seli nyingine.

Amri hutoka pande tatu: neva ya vagasi, ambayo huamshwa hata na harufu ya chakula kabla tonge la kwanza halijafika kinywani, hutoa asetilikolini; sehemu ya chini ya tumbo hupeleka homoni ya gastrini kwa njia ya damu; na seli za jirani hutoa histamini, ambayo taathira yake ni kubwa mno, kwani hata gastrini hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kuzichochea seli hizo. Walakini wajumbe hawa hawaingii ndani ya seli. Hushika vipokezi vilivyo juu ya utando, na yaliyosalia hutendwa na walio ndani.

Histamini ishikapo kipokezi chake, upande wa ndani wa utando huanza kutengenezwa AMP ya mviringo, molekuli ndogo iliyogunduliwa na Mmarekani Earl Sutherland katika miaka ya 1950. Molekuli hiyo huifungua kinasi A, ambayo muda wote huo ilikuwa imeshikwa na protini zinazoizuia isitende, nayo ikishafunguliwa huchukua fosfeti kutoka katika ATP, molekuli ibebayo nishati ya seli, na kuibandika juu ya protini nyingine, na protini iliyobandikwa hubadilika mwenendo wake papo hapo, mfano wa barua ya liwali ambayo maneno yake ni yale yale kabla ya muhuri na baada yake, ila baada yake ndipo hutiiwa. Miongoni mwa protini zinazobandikwa hivyo ni ezrini, iungayo utando wa mifereji na nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo. Asetilikolini hufuata njia nyingine, ikaongeza kalsiamu, na kalsiamu ikaamsha kinasi nyingine. Na njia hizi mbili zikiamshwa pamoja, tindikali itokayo huzidi jumla ya ile ambayo kila moja ingeitoa peke yake.

Amri isiyotanguka ingekuwa balaa. Kwa hiyo viko vimeng'enya vya fosfatasi viiondoavyo fosfeti, na iko homoni ya somatostatini, ambayo tindikali ikizidi huzuia AMP ya mviringo isitengenezwe.

Elimu hii haikuanzia tumboni. Edmond Fischer na Edwin Krebs walikuwa huko Seattle, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, wakichunguza jinsi misuli ya sungura inavyovunja glaikojeni, yaani akiba yake ya sukari, walipogundua kwamba kimeng'enya huamshwa kwa kutiwa fosfeti na hulazwa kwa kuondolewa. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992, na miaka 10 baadaye wataalamu walihesabu katika mwili wa mwanadamu jeni 518 za kinasi. Wanaodai kila utafiti uonyeshe faida yake siku ya kwanza na wautafakari mfano huu.

Dawa za tumbo hazikuielekea kinasi A yenyewe, na sababu ni dhahiri: kinasi hiyo hiyo hutumika katika moyo, ini na viungo vinginevyo, na kuizima ni kuvidhuru vyote. Mtafiti James Black alichagua kufunga kipokezi cha histamini, na dawa ya simetidini iliyotokana na kazi yake ikaanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976. Omeprazoli, iliyofuata katika miaka ya 1980, huishika pampu yenyewe mwishoni mwa njia.

Hata hivyo, vidonda vya tumbo aghalabu havisababishwi na tindikali peke yake. Barry Marshall na Robin Warren, wa mji wa Perth nchini Australia, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba vingi huletwa na bakteria, Helicobacter pylori. Basi ewe msomaji unayenunua omeprazoli dukani mwezi hata mwezi bila kupimwa, nenda kwa tabibu ukapimwe bakteria huyo, maana kidonge hicho peke yake hupunguza tindikali lakini hakimuui, ilhali akitibiwa kwa antibiotiki pamoja nacho, kidonda aghalabu hupona kisirudi.