Matibabu ya vidonda vya kisukari kwa umeme na dawa za kupaka

Matibabu ya vidonda vya kisukari kwa umeme na dawa za kupaka ni njia ya kusaidia vidonda sugu, hasa vya miguu, vipone. Mkondo mdogo wa umeme hupitishwa kwenye kidonda, na dawa huwekwa moja kwa moja juu yake. Njia hii ni nyongeza. Haichukui nafasi ya matibabu ya kawaida.

Chanzo cha vidonda

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu neva na mishipa ya damu. Mguu hufa ganzi, hivyo mgonjwa hahisi kokoto ndani ya kiatu. Damu isipofika vizuri, jeraha dogo hukosa oksijeni na huchelewa kupona. Bakteria wakifika kwenye mfupa, mguu unaweza kukatwa.

Kazi ya umeme

Kati ya upande wa nje na wa ndani wa ngozi kuna tofauti ya volteji ya makumi ya milivolti. Ngozi ikikatika, mkondo dhaifu hutokea penye jeraha. Katika karne ya 19 mwanafiziolojia Mjerumani Emil du Bois-Reymond aliupima kwenye kidole chake mwenyewe. Mwaka 2006 Min Zhao na wenzake walionyesha kwamba seli hufuata uelekeo wa umeme zinaposogea kufunika jeraha. Tiba hukusudia kuimarisha ishara hiyo.

Mwaka 2001 ulitolewa utafiti wa Marekani uliohusu wagonjwa 40, waliotibiwa kila usiku kwa soksi yenye nyuzi za fedha. Baada ya wiki 12, asilimia 65 ya waliopata umeme walipona, dhidi ya asilimia 35 ya waliovaa kifaa kisichotoa umeme. Hata hivyo wagonjwa walikuwa wachache mno kwa tofauti hiyo kuwa uthibitisho wa kitakwimu.

Dawa za kupaka

Dawa inayojulikana zaidi ni becaplermin, jeli yenye protini inayochochea seli kukua. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1997. Katika jaribio moja, asilimia 50 ya wagonjwa walipona ndani ya wiki 20, dhidi ya asilimia 35 waliopakwa jeli isiyo na dawa.

Kuunganisha njia hizi

Umeme unaweza pia kusukuma dawa ndani ya ngozi, kwa kuwa elektrodi hufukuza molekuli zenye chaji ya aina yake. Kwa sababu hiyohiyo, mabaki ya iodini au ya dawa zenye fedha husafishwa kabla ya kuwasha kifaa, yasisukumwe ndani ya mwili. Marhamu yenye mafuta mengi nayo huzuia mkondo kupita.

Mipaka

Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa mwaka 2023 haupendekezi umeme wala protini za ukuaji kama tiba ya kawaida, kwa kuwa ushahidi bado ni dhaifu. Nchini Marekani, bima ya serikali ya Medicare hugharamia umeme pale tu kidonda kisipoonyesha nafuu baada ya siku 30 za matibabu ya kawaida.

Matibabu hayo ni kupunguza uzito unaokandamiza kidonda, kuondoa nyama iliyokufa, kutibu maambukizi, kurudisha mtiririko wa damu na kudhibiti sukari. Umeme hautumiwi penye saratani wala penye maambukizi ya mfupa yasiyotibiwa, na wenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo hawapaswi kuutumia bila idhini ya daktari.