Kufunga Jeraha la Upasuaji wa Tumbo: Mishono Mikubwa au Midogo?

Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huutazama mshono wa ngozi, na akiuona umenyooka na kukauka huamini kwamba amepona. Hata hivyo, ngozi siyo inayolishikilia tumbo. Kazi hiyo hufanywa na faskia, yaani utando mweupe na mgumu ulio chini ya mafuta, unaounganisha misuli ya kulia na ya kushoto. Utando huo usipoungana vema, utumbo waweza kupenya hadi chini ya ngozi. Hiyo ndiyo ngiri ya kovu, nayo huweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya upasuaji.

Kwa muda mrefu wapasuaji wengi walishona utando huo kwa mishono mikubwa: sindano iliingia sentimita moja kutoka ukingoni, na mshono uliofuata uliwekwa sentimita moja mbele. Iliaminika kwamba mshono unaoshika nyama nyingi hauchaniki kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba mshono wa namna hiyo hubana pia mafuta na misuli. Tishu hizo laini hukosa damu na kusinyaa, uzi hulegea, na kingo za jeraha huachana. Mshono mdogo, wa milimita 5 kutoka ukingoni na milimita 5 kati ya mshono na mshono, hushika utando peke yake.

Mbinu hizi mbili zililinganishwa nchini Uholanzi katika utafiti uitwao STITCH, uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet. Ulihusisha wagonjwa 560 katika hospitali 10. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilionekana kwa asilimia 21 ya walioshonwa kwa mishono mikubwa, na asilimia 13 ya walioshonwa kwa mishono midogo. Gharama yake ilikuwa muda: kushona utando kulichukua wastani wa dakika 14 badala ya 10.

Kwa mpasuaji, kanuni ni hizi: atumie uzi mmoja unaoendelea na unaoyeyuka polepole, akutanishe kingo bila kuzinyonga, na urefu wa uzi uliotumika uwe angalau mara nne ya urefu wa jeraha. Jeraha la sentimita 20 huhitaji uzi usiopungua sentimita 80. Ikumbukwe kwamba utafiti huo ulihusu upasuaji uliopangwa, wa mkato wa katikati ya tumbo. Katika upasuaji wa dharura, hasa tumbo likiwa na usaha, mpasuaji hupima hali ya mgonjwa aliye mbele yake.

Nawe mgonjwa, majimaji mengi ya rangi ya damu hafifu yakitoka ghafla jerahani katika siku za mwanzo, rudi hospitali mara moja, hata kama ngozi haijafumuka. Baadaye, ukiona uvimbe kwenye kovu unapokohoa au kusimama, mwone daktari. Uvimbe huo ukiuma, ukakataa kurudi ndani, nawe ukatapika, hiyo ni dharura, usingoje kesho.