Wayahudi wa Mbale na wenzao

Mkulima wa kahawa kutoka Ganako, Karatu, akifika kwenye vilima vya Mbale, mashariki mwa Uganda, hatajiona mgeni shambani. Kitakachomshangaza ni Jumamosi. Siku hiyo zipo familia zisizoshika jembe: zimekwenda sinagogi, kusoma Torati kwa Kiebrania na kuimba zaburi kwa Kiganda.

Hao ni Abayudaya. Jumuiya yao ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda kabla ya kukosana nao. Baada ya kuisoma Biblia, aliamua kushika sheria za Musa, akatahiriwa yeye na wanawe. Idi Amin alipoipiga marufuku dini hiyo miaka ya 1970, wengi waliiacha. Wachache waliendelea kusali kwa siri, na kwa uvumilivu wao jumuiya ikapona.

Wayahudi wa Kenya wana historia nyingine. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, aliingia Kenya mwaka 1903, akaja kumiliki Hoteli ya Norfolk. Mwandishi Stefanie Zweig aliletwa Kenya mwaka 1938 akiwa mtoto, familia yake ikiwakimbia Wanazi.

Hata huko Mbale hawafanani wote. Mwaka 2002 mamia ya Abayudaya walipokewa rasmi katika Uyahudi mbele ya marabi wa tapo la Konsavativu, ilhali wenzao wa kijiji cha Putti walichagua njia ya Kiothodoksi. Gershom Sizomu alipata urabi Marekani mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge.

Uingereza nako hali ni hiyo hiyo. Mtaa wa Stamford Hill, London, unajulikana kwa Waothodoksi wanaovaa makoti na kofia nyeusi. Kwingineko Jackie Tabick aliwekwa kuwa rabi mwaka 1975, mwanamke wa kwanza nchini humo. Wapo pia wasiosali kabisa, lakini hujiita Wayahudi kwa ukoo na utamaduni.

Kwa hiyo rangi ya ngozi, lugha au vazi havitoshi kumtambulisha Myahudi.

Huko Mbale, tofauti za dini nazo hazikuzuia ushirikiano: mwaka 2004 J. J. Keki, mmoja wa Abayudaya, aliwaunganisha Wayahudi, Waislamu na Wakristo katika ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera. Wakulima wa Karatu, wanaoishi jirani na wenzao wa makabila na dini mbalimbali, wanafaa kuufahamu ushirika huo na kujifunza kwake.